Usalama wa Mitambo ya Mafuta Baharini: Tunapima Nini Hasa?

Mtambo wa Alexander L. Kielland ulikuwa na vyeti vya kufanya kazi ulipopinduka katika Bahari ya Kaskazini, Machi 1980. Piper Alpha ulitembelewa na mkaguzi wa serikali ya Uingereza Juni 1988, Julai ukateketea. Deepwater Horizon, katika Ghuba ya Mexico, ulikuwa umepita miaka saba bila mfanyakazi kupata jeraha la kumweka nje ya kazi. Wakubwa wa kampuni za BP na Transocean walikuwa humo mtamboni, na rekodi hiyo ilikuwa mojawapo ya mambo ya kupongezwa, tarehe 20 Aprili 2010, usiku ambao kisima kilifumuka na kuua watu 11.

Msomaji akiyaweka haya pamoja ana haki ya kuuliza cheti ni cha nini. Kila mjadala wa gesi na mafuta ya baharini unapozuka, majibu matatu hujirudia. Wapo wanaosema karatasi zote ni za kununuliwa. Wapo wanaosema bahari haitabiriki na ajali haina kinga. Wapo wanaoamini kwamba kompyuta za leo zimekwisha kulimaliza tatizo. Majibu yote matatu yana chembe ya ukweli, na yote yanalikwepa jambo lenyewe. Inawezekana kabisa kwamba vyeti, ziara ya mkaguzi na hesabu ya majeraha vilikuwa vya kweli, ila vilijibu swali jingine. Vilionyesha kwamba mtambo unafanana na michoro yake na kwamba watu wanavaa kofia ngumu. Havikuonyesha nini kitatokea dakika ishirini baada ya kitu kimoja kukatika, na katika dakika hizo ndimo watu wengi hufia.

Kinachouangusha mtambo

Katika maji ya kina kifupi na cha kati, mitambo mingi husimama juu ya kiunzi cha mabomba ya chuma kilichokazwa kwa nguzo zilizopigiliwa katika sakafu ya bahari. Norwei ilijenga pia mitambo mikubwa ya zege, inayokaa chini kwa uzito wake yenyewe. Kwenye maji marefu mtambo huelea, ukishikwa kwa nanga au kwa mashine za kuusukuma ubaki mahali pake. Kinachosimama hutishiwa na kuvunjika. Kinachoelea hutishiwa pia na kuingiwa na maji na kupinduka.

Tukichukulia wimbi moja kila sekunde kumi, boriti moja hupigwa zaidi ya mara milioni 3 kwa mwaka. Karibu mapigo yote hayo ni madogo mno kuivunja. Lakini chuma kinachopindwa na kuachiwa mamilioni ya mara huota ufa pale mkazo unapojikusanya, na mara nyingi ni pale palipochomelewa. Wahandisi huita hali hiyo uchovu wa chuma. Chumvi huleta kutu, na kutu huuharakisha ufa. Tishio hili huja polepole, na anayejua pa kutazama anaweza kuliona mapema.

Wimbi kubwa ni jambo jingine. Kwa miaka mingi desturi imekuwa kuujenga mtambo uhimili wimbi la miaka 100, jina ambalo limewapotosha wengi. Wimbi hilo halingoji karne ipite. Ni wimbi lenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na mtambo ukikaa baharini miaka 25, uwezekano wa kukutana nalo angalau mara moja hufika kama asilimia 22. Kwa hiyo lazima kuwe na nguvu ya ziada juu ya kiwango hicho, na sakafu ya mtambo iinuliwe wimbi lipite chini yake. Wimbi likiigusa sakafu, mzigo huongezeka ghafla, kwa kuwa maji sasa yanapiga ukuta mpana badala ya mabomba membamba. Mwaka 2005 vimbunga vya Katrina na Rita viliangusha zaidi ya mitambo 100 katika Ghuba ya Mexico, mingi ikiwa ya zamani na sakafu zake chini. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Katika Bahari ya Kaskazini desturi ni tofauti: watu hubaki mtamboni dhoruba ikivuma, kwa hiyo chuma kinachofaa Ghuba ya Mexico huenda kisifae kule hata kama mawimbi yangelingana.

Halafu kuna moto. Chuma cha ujenzi hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu yake kikifikia nyuzi joto 550 hadi 600 za Selsiasi, joto ambalo moto wa gesi hulipita upesi. Mwaka 2005, nje ya pwani ya Mumbai, meli ya huduma iligonga mabomba ya wima ya mtambo wa Mumbai High North. Gesi ikawaka, na ndani ya saa chache mtambo mzima ukawa umekwisha na watu 22 wamekufa. Je, hapo walikosea mabaharia, wapangaji wa mabomba, au chuma kilikuwa dhaifu? Kuwatenganisha watu na chuma ni rahisi kwenye ripoti. Katika tukio lenyewe vinaangushana.

Somo la Kielland

Kati ya ajali zote za kimuundo, Kielland ndiyo inayostahili kusomwa kwa utulivu kuliko nyingine.

Mtambo huo ulijengwa Ufaransa na kukamilika mwaka 1976. Uliundwa kwa ajili ya kuchimba visima, ukiwa na miguu mitano ya kuelea, lakini ulitumika kama bweni la wafanyakazi katika eneo la Ekofisk, upande wa Norwei. Jioni ya 27 Machi 1980 upepo ulikuwa mkali na mawimbi yalifika mita 6 hadi 8, hali isiyo ngeni kwa bahari ile. Boriti moja, iliyopewa jina D-6, ikakatika. Boriti nyingine tano zilizoushika mguu uleule zikazidiwa na mzigo, moja baada ya nyingine, na mguu ukang'oka. Mtambo ukainama zaidi ya nyuzi 30, maji yakawa yanaingia, na baada ya kama dakika ishirini ukapinduka. Kati ya watu 212 waliokuwemo, 123 walikufa.

Wachunguzi walirudi nyuma hadi kiwandani. Kwenye boriti D-6 palikuwa pamechomelewa kishikizo cha kifaa kidogo cha kusikilizia sauti ndani ya maji. Kishikizo hicho hakikuhesabiwa kuwa sehemu ya kubeba mzigo, kwa hiyo kilichomelewa kwa mshono mwembamba wa milimita 6, bila ule uangalifu unaopewa boriti zenyewe. Ndani ya ufa yakakutwa mabaki ya rangi. Maana yake, ufa ulikuwepo tangu kabla mtambo haujapakwa rangi na kuingia baharini. Miaka minne ya mawimbi ikaukuza, na hakuna ukaguzi uliougundua.

Ukiishia hapo utamlaumu fundi aliyechomelea, na utakuwa umeifunga kesi mapema mno. Ufa ni kitu cha kutarajiwa katika chombo chenye maelfu ya maungio. Linalotisha zaidi ni kwamba boriti moja ilipokatika hapakuwa na kitu cha kuupokea mzigo wake. Mguu mmoja ulipopotea, hapakuwa na uwezo wa kutosha wa kuelea uliobaki kuuzuia mtambo usipinduke. Na mtambo ulipoinama, boti za kuokolea zilikuwa na ndoano zisizoweza kufunguka boti ikiwa bado inaning'inia, hivyo kadhaa zilipondwa kwenye miguu ya mtambo wenyewe. Ngazi zote tatu za kujikinga zilikatika kwa mfuatano, na hitilafu ya kwanza ilikuwa ndogo kiasi cha kufunikwa na kiganja.

Kanuni za Norwei zilibadilika kutokana na hayo. Mbuni akatakiwa aonyeshe kwamba mtambo utaendelea kusimama au kuelea hata baada ya kupoteza kiungo kimoja, na kwa muda unaotosha watu kuondoka. Naliona sharti hili kuwa zito kuliko mengine yote yaliyozaliwa na ajali za baharini, kwa sababu halimdai mbuni ajue mapema ni kiungo gani kitakachokatika.

Msimamo wa kanuni na ukaguzi

Kuhusu namna ya kulinda usalama kuna kambi tatu. Ya kwanza inadai kwamba usalama hulindwa kwa kanuni zilizoandikwa wazi: unene wa chuma, idadi ya boti, umbali kati ya vyumba, muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Mkaguzi hufika na orodha yake, akatia alama. Nguvu ya njia hii haipaswi kudharauliwa. Nchi yenye wataalamu wachache inaweza kuisimamia, kampuni haiwezi kudai kwamba haikuelewa, na mahakama ina kitu cha kushika.

Udhaifu wake ni kwamba orodha hujaa makosa ya jana. Kishikizo cha Kielland hakikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Isitoshe, kampuni hujifunza kumridhisha mkaguzi, na baada ya miaka kadhaa hakuna tena anayeuliza kama sharti fulani lina maana katika mtambo huu, wenye umri huu, katika bahari hii.

Msimamo wa mwenye mtambo kuthibitisha

Kambi ya pili ilizaliwa kutokana na Piper Alpha, mtambo wa kampuni ya Occidental uliokuwa kaskazini mashariki mwa Aberdeen. Uliundwa kwa ajili ya mafuta, ukaongezewa mitambo ya gesi baadaye, na maongezeo hayo yakasogeza sehemu za hatari karibu na chumba cha kuongozea na makazi ya watu.

Tarehe 6 Julai 1988 mafundi waliiondoa vali ya usalama ya pampu moja kati ya mbili za kusukuma kondensati, yaani mafuta mepesi yanayotoka pamoja na gesi. Mdomo wa bomba wakaufunika kwa kifuniko cha chuma kisichokazwa vya kuzuia uvujaji. Kazi haikuisha, zamu ikabadilishana. Usiku pampu ya pili ikazima. Wa zamu ya usiku walijua pampu ya kwanza ilipangiwa matengenezo ambayo hayajaanza. Hawakujua vali yake imetolewa. Wakaiwasha.

Mlipuko wa mwanzo ulitokea kama saa 4 usiku. Kuta zilijengwa kuzuia moto, si mlipuko, zikabomoka. Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimewekwa kuwashwa kwa mkono ili wapiga mbizi wasivutwe kwenye midomo yake, na sasa hakuna aliyeweza kuzifikia. Mitambo jirani ya Claymore na Tartan iliendelea kusukuma mafuta na gesi kwenye mabomba yaliyounganika na Piper, kwa kuwa waliokuwa kule hawakuona kwamba wana ruhusa ya kusimamisha uzalishaji wenye gharama kubwa kwa uamuzi wao wenyewe. Kama dakika ishirini baadaye bomba la gesi kutoka Tartan likapasuka, na kuanzia hapo chuma hakikuwa na la kufanya. Watu 167 walikufa. 61 waliokoka, wengi wao kwa kuacha kusubiri amri na kujirusha baharini.

Lord Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alitoa ripoti Novemba 1990 yenye mapendekezo 106. Kiini chake kilikuwa kugeuza mzigo wa uthibitisho. Mkaguzi asilazimike tena kutafuta kosa. Mwenye mtambo ndiye aandike na kuthibitisha kwamba ameyatambua majanga makubwa yanayoweza kuupata, ameyapunguza kadiri inavyowezekana, na ana njia ya kuwatoa watu. Bila uthibitisho huo kukubaliwa, hakuna kazi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1992 ilisimamisha utaratibu huo.

Njia hii inamlazimisha anayeujua mtambo kufikiri, na inafaa mtambo usiofanana na mwingine. Hatari yake ni kwamba uthibitisho hugeuka bunda la karatasi lililoandikwa na mshauri wa kukodiwa, likathibitisha kile ambacho mteja alitaka kithibitishwe. Uingereza yenyewe iliona hilo katika ndege ya kijeshi ya Nimrod, iliyolipuka Afghanistan mwaka 2006 na kuua watu 14. Ripoti ya uchunguzi ya Charles Haddon-Cave ya mwaka 2009 ilieleza kwamba hati za usalama za ndege hiyo zilijaa makosa kwa sababu waliozitayarisha walianza na imani kwamba ndege ni salama. Mdhibiti asiye na wahandisi wa kuisoma hati hiyo ukurasa kwa ukurasa na kubishana nayo ameipa kampuni kalamu ya kujisahihishia mtihani.

Msimamo wa hesabu

Kambi ya tatu inataka tarakimu. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, huichukulia hatari ya kifo ya 1 katika 1,000 kwa mwaka kuwa mpaka wa juu ambao mfanyakazi hapaswi kuvushwa. Norwei hutumia kiwango cha 1 katika 10,000 kwa mwaka kwa tukio la kuharibu kinga kuu za mtambo. Hesabu za namna hii husaidia kweli katika kulinganisha: ukuta wa kuzuia mlipuko uwekwe wapi, makazi yatenganishwe na mitambo ya gesi au la, fedha za ukaguzi ziende kwenye maungio yapi kwanza.

Tatizo huanza tarakimu inapochukuliwa kama ahadi. Mwaka 1991, karibu na Stavanger, msingi wa zege wa mtambo wa Sleipner A ulikuwa ukijaribiwa kwa kuzamishwa polepole. Tarehe 23 Agosti ukuta mmoja wa ndani ukapasuka, maji yakaingia kwa kasi iliyozishinda pampu, na muundo wote ukaenda chini. Hakuna aliyekufa, hasara ilikadiriwa kuwa takriban dola milioni 700 za Marekani. Kompyuta ilikuwa imegawa umbo la ukuta katika vipande vikubwa mno mahali palipohitaji vidogo, ikakadiria mkazo wa kukata kuwa pungufu kwa asilimia 47, na nondo za mahali pale hazikufungwa vya kutosha kufidia. Programu haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni mtu wa kulitilia shaka jibu lake.

Ekofisk inaonyesha jambo jingine. Mwaka 1984 iligundulika kwamba sakafu ya bahari chini ya mitambo ya eneo hilo inashuka, kwa sababu mwamba laini wa chokaa ulikuwa unabonyea kadiri mafuta na gesi yalivyotolewa. Nafasi kati ya mawimbi na sakafu za mitambo ikawa inapungua kila mwaka. Mwaka 1987 mitambo sita ikainuliwa kwa mita 6, kazi ya kihandisi ya kustaajabisha. Hesabu za mwanzo zilikuwa sahihi kwa bahari ya siku zilipoandikwa. Zilichakaa pasipo mtu kuzigusa.

Kila kinga ina bei yake

Wanaojadili usalama kana kwamba unaongezwa tu hawajakaa na wabuni. Ukiongeza boriti ili mzigo uwe na njia ya pili, umeongeza uzito, eneo la kupigwa na mawimbi na maungio ya kuchomelewa, ambayo ndiyo vyanzo vya nyufa. Ukituma wapiga mbizi kukagua nyufa, umewatia wao hatarini, na mfano wa pampu za Piper Alpha ni wa kuumiza: kinga ya watu wachache majini iliondoa kinga ya watu zaidi ya mia mbili juu. Roboti za chini ya maji zimepunguza mvutano huo, ila hazijaumaliza.

Umri ni mvutano mwingine. Mitambo mingi ya Bahari ya Kaskazini ilibuniwa kwa miaka 20 hadi 25 na imeshapita hapo. Kuibomoa kuna gharama kubwa, na kadiri uzalishaji unavyopungua ndivyo hamu ya kuitengeneza inavyopungua. Kwa hiyo chuma huhitaji uangalizi mkubwa zaidi wakati ambapo fedha za uangalizi ni chache zaidi. Kielelezo cha Afrika ni Trinity Spirit, meli ya zamani iliyogeuzwa mtambo wa kuhifadhia mafuta nje ya pwani ya Nigeria, iliyolipuka na kuungua Februari 2022.

Nikizipima kambi tatu, sioni sababu ya kuchagua moja na kuzitupa nyingine, lakini zina mpangilio wa uzito. Kwanza ni uwezo wa mtambo kustahimili kupoteza kiungo, kwa sababu unafanya kazi hata pale tulipokosea. Pili ni mamlaka ya kusimamisha kazi, iliyotajwa kwa cheo katika kila zamu na katika kila mtambo uliounganika kwa bomba, bila ya kuomba ruhusa ofisini. Usimamishaji usio wa lazima hula fedha, na utatokea. Fedha hizo zihesabiwe kama gharama ya kawaida ya uzalishaji. Hesabu za uwezekano ziwe za tatu, zikirudiwa kila bahari, sakafu au matumizi ya mtambo yanapobadilika. Orodha ya mkaguzi ibaki kama sakafu ambayo hakuna anayeruhusiwa kushuka chini yake. Rekodi ya majeraha madogo ina faida zake, ila isitajwe kabisa katika mjadala wa majanga makubwa, maana ndiyo iliyowafariji wakubwa waliokuwa Deepwater Horizon.

Pwani ya Afrika Mashariki

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na imekuwa ikitumika Dar es Salaam tangu 2004. Visima vyake viko kisiwani na katika maji ya kina kifupi. Mambo ni tofauti kwenye maji marefu. Nje ya Cabo Delgado, Msumbiji, mtambo wa kuelea wa Coral Sul umefungwa kwa nanga penye kina cha takriban mita 2,000, na ulisafirisha shehena ya kwanza ya gesi iliyosindikwa Novemba 2022. Gesi iliyogunduliwa nje ya Lindi na Mtwara iko katika maji ya aina hiyo.

Mawili yanahitaji kuulizwa mapema. La kwanza ni bahari yenyewe. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado Aprili 2019, na Hidaya kikafika Mafia Mei 2024. Pwani iliyozoea kujihesabu kuwa nje ya njia ya vimbunga haiwezi kuchukua wimbi la miaka 100 kutoka kwenye kumbukumbu za zamani bila kulihesabu upya.

La pili ni nani anayemsimamia nani. Uingereza iliondoa usalama mikononi mwa wizara ya nishati mwaka 1991 na kuukabidhi HSE. Norwei ilitenga mamlaka ya usalama wa petroli na ile ya rasilimali mwaka 2004. Marekani ilivunja wakala uliokuwa ukikusanya mapato na kukagua usalama kwa pamoja, baada ya Deepwater Horizon. Nchi tatu zilifikia uamuzi mmoja, mbili kati yake baada ya kuzika watu. Tanzania ilianzisha PURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli, kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, na kuipa pia kazi ya kukagua gharama za wawekezaji, ambazo ndizo huamua mgao wa serikali. Ofisi hiyohiyo ikiwa macho juu ya gharama na juu ya usalama, siku moja itaombwa kuidhinisha boriti ya ziada ambayo inapunguza mgao huo. Wakaguzi wa usalama wa maji marefu wanapaswa kuwa na bajeti, wahandisi wa miundo na mkuu wao wenyewe kabla ya mtambo wa kwanza kufungwa nanga, na hati ya kueleza mtambo utafanya nini ukipoteza kiungo kimoja iwe wazi kwa wananchi wa Kilwa, Lindi na Mtwara kuisoma.